Daftari la Watoto wa Arubaini

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine mnaopita majumbani na simu mkononi mkiuliza watu habari za afya zao, juzi mmoja wenu alifika kwangu hapa Likoni. Binti mzuri, ana adabu, shikamoo yangu alinipa kamili. Akakaa, akafungua simu yake, akaniuliza: "Bibi, katika nyumba hii kuna mtoto yeyote aliyefariki chini ya miaka mitano?" Nikamwambia hakuna. Akabonyeza, akashukuru, akaondoka. Alipofika mlangoni nikamwita.

"Rudi, mwanangu. Kaa. Umeuliza vibaya."

Maskini alishtuka, akadhani amenikosea heshima. Nikamwambia kosa hilo nililifanya mimi kabla mama yake hajazaliwa, na yako mengine niliyoyafanya makubwa kuliko hilo. Tukazungumza mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomwambia yeye, na machache ambayo siku ile niliyameza.

Mimi nilikuwa muulizaji wa baraza. Wazungu walikuwa na jina refu la kazi ile, lakini watu walituita waulizaji, nasi tukaitika. Upande wetu wa bara ulikuwa na baraza dogo ambalo leo halipo, lilikuja kuunganishwa na mengine. Baraza lile lilikuwa na fungu la fedha la wafagiaji, fungu la wapiga dawa ya mbu, na fungu la mzee mmoja aliyekamata mbwa wasio na wenyewe. Fungu la kuuliza halikuwapo.

Aliyelitaka ni Dokta Almeida, Mgoa mfupi mwenye miwani mizito, aliyekuwa akisimamia afya upande huu. Alisimama mbele ya madiwani akawaambia: "Watoto wachanga wa huku wanakufa, na mimi sijui wanakufa wangapi, sijui wanakufa siku ya ngapi. Nipeni watu wa kuuliza."

Diwani mmoja akamjibu, "Dokta, tumlipe mtu kwa kuuliza? Mimi wake zangu wawili waniuliza kutwa, tena bure."

Wakacheka, wakaenda kunywa chai. Dokta hakuchoka. Aliandika barua serikalini, aliandika ng'ambo, akajibiwa hapana mara nyingi, mwisho ikapatikana ruzuku ya miaka mitatu. Masharti yake yalikuwa mawili. Baraza liajiri wanawake wawili wa huku huku wanaojua kusoma na kuandika, na miaka mitatu ikiisha, baraza lenyewe liwachukue. Sharti la pili wote walilitia sahihi. Miaka mitatu, siku ile, ilionekana mbali sana.

Wanawake, kwa sababu mwanamume haingii chumba cha mzazi. Sisi watu wa pwani tukisema mzazi twamaanisha mwanamke aliyejifungua na hajatoka arubaini yake. Siku arobaini hizo yuko ndani, anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na mtoto yuko pembeni yake amefunikwa leso. Dokta alikuwa na elimu yake yote na hakuweza kuupita ule mlango.

Kwetu alikuja mwenyewe kuniomba. Baba yangu alikuwa maalim wa chuo cha Kurani pale Timbwani, na mimi nilikuwa nimesoma chuo chake na miaka michache ya skuli ya wasichana kule kisiwani. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu.

"Atauliza nini?"

"Watoto waliokufa, maalim. Na sababu."

Baba alikuwa amezika watatu kabla yangu. Akachezea tasbihi yake. "Aende," akasema. "Lakini asiende peke yake. Aende na Mwanakombo."

Bi Mwanakombo alikuwa mkunga. Mrefu, mkavu, mwendo wake wa haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni, na mdomoni hakukosa karafuu. Alikuwa amezalisha Likoni nzima na nusu ya Mtongwe. Mimi mwenyewe mikono yake ndiyo ya kwanza kunigusa duniani. Nilikuwa namwita bibi, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Alipoambiwa na baba, alinitazama toka juu hadi chini, akasema, "Viatu hivyo havifai. Vaa makubadhi."

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mafunzo yangu.

Wiki ya kwanza sikumtaka. Nilikuwa na daftari kubwa jekundu, kalamu ya wino, na buibui jipya, nikajiona ofisa mzima. Nilimwacha nje akizungumza na wenye nyumba, mimi nikaingia ndani nikafungua daftari na kuuliza kama lilivyoandikwa: "Umezaa watoto wangapi? Waliokufa ni wangapi?" Wanawake wakanitazama. "Alhamdulillahi," wakasema, "hakuna." Nyumba baada ya nyumba, hakuna. Ijumaa nikampelekea Dokta daftari safi, nimelipiga mistari kwa rula.

Alilifungua, akalifunga. Akanitazama juu ya miwani. "Fatuma," akasema, "watu wa Mtongwe hawafi?"

Nikalia njia nzima ya kurudi. Bi Mwanakombo alinisubiri mpaka nilipomaliza, akaniambia maneno ambayo tangu siku ile sijayasahau.

"Mwanangu, wewe waingia nyumba ya mtu wamuuliza maiti wake kabla hujamuuliza hali. Nani atakwambia? Weka hilo daftari lako kapuni. Kaa chini, tena ukae chini kuliko yeye. Muulize majina. Wa kwanza aitwaje, wa pili aitwaje, yuko wapi sasa. Ukifika kati ya Omari na Saumu, na umeona miaka imekuwa mingi, muulize taratibu: hapa kati hapakupita mtu? Kisha nyamaza. Usikohoe. Usipange leso yako. Nyamaza tu."

Jumatatu nikarudi nyumba zile zile. Katika nyumba ya tatu, mwanamke aliyeniambia hakuna wiki iliyopita alitaja watoto wake wanne, mmoja mmoja. Nikamuuliza kama kati ya wa pili na wa tatu hapakupita mtu. Alikuwa anachambua mbaazi. Akachambua, akachambua. Mwisho akasema, "Alipita mmoja. Hakufika siku ya saba." Kumbe ndiyo hivyo: mtoto aliyekufa kabla hajapewa jina, mama hamtaji katika hesabu, lakini hajamsahau hata kidogo. Yule mwanamke alinieleza nywele za mtoto zilivyokuwa. Alinieleza alivyolia. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilipotaka kuondoka akanishika mkono, akanifungia mbaazi kwenye kitambaa.

Ndiyo maana nikamrudisha yule binti wa juzi. Mimi nina mmoja aliyepita.

Yako mengine niliyojifunza kwa miguu. Kalamu ya risasi ni bora kuliko wino, kwa sababu jasho la Likoni halina huruma na wino, na kwa sababu watu wakiona wino wadhani wametia sahihi kitu. Asubuhi mapema usiende, mwanamke ana kazi, atakujibu lolote ili uondoke. Nenda baada ya maji kutekwa na kabla ya nazi kukunwa. Siku usiziulize kwa tarehe. Uliza kitovu kilidondoka lini, uliza mtoto alinyolewa lini, uliza ilikuwa kabla au baada ya siku ile feri ilipoharibika na watu wakalala ng'ambo. Mama anayajua haya yote. Tarehe ni ya kwako wewe.

Upande wa Changamwe alikuwa mwenzangu Rebeka, binti wa Rabai, hodari kuliko mimi na mcheshi. Siku moja alishikwa na homa, nikapelekwa mimi kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako wakaao wengi ni watu wa bara ya juu. Nikabisha hodi, akatoka kijana mmoja mrefu. Nikamwambia, kwa Kiswahili changu cha nyumbani, "Nimeambiwa kuna mzazi hapa. Nimekuja kumtazama kitovu cha mtoto na kumuuliza alivyojifungua."

Kijana akanitazama sana. Akaingia ndani. Nikasikia wananong'ona. Akatoka na mzee wa miaka sabini, ana fimbo na koti zito, ameshuka kwenye treni jana yake kutoka Nyanza. "Huyu ndiye mzazi," akasema kijana. "Lakini hayo mengine sijui kama ataweza."

Wallahi niliona aibu ya kuingia chini ya ardhi. Mzee alipofasiriwa alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile kila Rebeka akipita pale alikuwa akisalimiwa, "Leo hujaja kumtazama mzee?" Bi Mwanakombo nilipomhadithia hakucheka. Alisema, "Wao ndio hawajui Kiswahili," akaendelea kutafuna karafuu yake.

Nacheka nikikumbuka, lakini nafika mahali ambapo sipapendi.

Daftari lilikuwa na safu zake. Jina la mama, mtaa, siku aliyojifungua, nani alimzalisha, kitovu kilikatwa kwa nini, kilipakwa nini. Kisha tulimtembelea mtoto mpaka siku ya arobaini, tukaandika yuko hai au amekufa, na kama amekufa, siku ya ngapi na alianzaje. Safu ya mwisho ndiyo iliyonifanya nishindwe kula. Watoto wengi walikufa kwa namna moja. Siku ya sita, ya saba, ya nane, mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri anaacha kunyonya. Taya zinakaza. Mwili unajipinda kama upinde, ukimgusa anashtuka. Watu walisema ni nyuni, ndege wa watoto, amepita juu ya nyumba. Dokta alisema ni pepopunda, na inaingilia kitovuni.

Zaidi ya mwaka mmoja niliandika bila kusoma. Mtu anayeandika kila siku hasomi, hilo nalo mlijue. Mwezi wa Rajabu, Dokta akaniambia nimpangie daftari upya: waliokufa kwa nyuni upande huu, waliofika arubaini upande huu. Nikakaa nyuma ya dispensari, nikawa nanakili. Nilipofika katikati mkono wangu ukasimama.

Upande wa waliokufa, safu ya "kilipakwa nini", ilikuwa ikisema jambo moja, karibu kila mstari. Udongo wa nyumba ya nyigu. Ule udongo laini ambao nyigu hubandika ukutani. Ulisagwa, ukachanganywa na mafuta ya nazi, ukapakwa kitovuni ukikaushe. Na safu ya "nani alimzalisha" ilikuwa ikisema jina moja.

Si kwamba alipaka kila mtoto. Alipaka kitovu kilichochelewa kukauka, alipaka familia zilizomwomba. Wakunga wengine walipaka mafuta matupu. Yeye ndiye aliyekuwa akijua dawa ile, alirithishwa na mama yake, na kwa kuwa ndiye hodari wa wote, ndiye aliyeitwa zaidi.

Nilifunga daftari. Dokta nilimwambia sijamaliza.

Nataka mnielewe hapa, na msinipunguzie. Kila asubuhi Bi Mwanakombo alikuwa akinipitia nyumbani. Tulikuwa tukitembea pamoja, tukila mahamri njiani, akinifundisha majina ya miti na tabia za watu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini. Ningemwambiaje bibi yangu, mikono yako? Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema nitamwachia Dokta, na Dokta sikumpa. Nikasema labda nimekosea kunakili. Nikanakili tena. Nikasema nitangoja mfungo uishe, maana nimwambieje mtu aliyefunga jambo kama lile, na mfungo wenyewe ulikuwa bado haujaanza.

Mwezi wa Shaaban, Mwanahamisi wa Timbwani akajifungua mtoto wa kiume. Jirani yetu, tulicheza pamoja. Bi Mwanakombo alimzalisha. Mimi nilifika siku ya tatu, nikaona kitovu kina udongo. Nikaandika. Wajukuu zangu, niliandika kwa mwandiko mzuri, nikafunga daftari, nikaenda. Siku ya nane nikasikia kilio nikiwa bado kwenye mkeka wangu, alfajiri, na nikajua ni cha nyumba gani.

Baada ya maziko nikaenda kwa Bi Mwanakombo. Alikuwa amekaa uani peke yake, viganja juu ya magoti. Nikakaa chini yake, kama alivyonifundisha, na daftari halikuwa kapuni. Nikamwambia yote. Nilimwambia vibaya, nikilia, nikirudia maneno. Hakunikatiza.

Nilipomaliza akasema, "Soma."

"Nisome nini, bibi?"

"Majina. Ya upande ule. Soma."

Nikasoma. Kila jina la mama alikuwa akitikisa kichwa. "Huyo namkumbuka. Mvua ilikuwa ikinyesha." Nikasoma jingine. "Huyo ni mjukuu wa somo yangu." Jingine. Akafika mahali midomo tu inacheza, karafuu imeanguka na hakuiokota. Nikasoma mpaka mwisho, na wa mwisho alikuwa Mwanahamisi.

Akaniuliza, "Wewe ulijua tangu lini?"

Nilitaka kusema uongo. "Tangu Rajabu."

Alihesabu kimoyomoyo, nikamuona anavyohesabu. Akanitazama usoni, bila hasira. Ningefurahi lau angekasirika.

"Basi huyu wa Mwanahamisi," akasema, "tumegawana mimi na wewe."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Hakunipitia kesho yake. Wala kesho kutwa. Mfungo ukaandama, ukaisha, nikienda majumbani peke yangu, na watu wakiniuliza, "Bibi yako yuko wapi?" nikisema hajisikii vizuri. Dokta nilimpa daftari, nikamwambia na habari ya Mwanahamisi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Sasa tunajua kwa nini tunapaswa kusoma kabla mwezi haujaisha." Hakunifukuza. Mimi ningejifukuza.

Baada ya Idi, siku moja nafika dispensari, nakuta mtu amekaa kwenye ngazi, leso mbili, mrefu. Shikamoo yangu hakuipokea kwa neno, aliinua mkono tu. Akamwambia Dokta, "Nionyeshe huo wembe wako wa kukatia kitovu wachemshwa vipi. Nionyeshe polepole, mimi ni mtu mzima."

Alijifunza kwa siku moja. Wembe mpya na uzi vilichemshwa ndani ya kopo la maziwa mpaka maji yapungue nusu, na kitovu hakikupakwa kitu. Kisha akafanya jambo ambalo Dokta kwa ruzuku yake yote asingeliweza. Alikwenda kwa kila mkunga wa upande huu, Mtongwe, Shika Adabu, akavuka na feri, akapita daraja la Nyali, akafika Kisauni mpaka Mishomoroni kwa jamaa zake, akaingia nyumba za wanawake wenzake akawaambia, "Mimi nilikuwa napaka hiki, na watoto wamekufa. Usipake." Wako waliomcheka. Wako waliosema amepewa pesa na Mgoa. Mmoja alimmwagia maji ya kuoshea samaki. Alikuwa akijipangusa, akisema, "Nitarudi Alhamisi." Na Alhamisi hurudi.

Mimi nilikuwa nikimfuata na daftari langu. Tulikuwa tumerudiana, lakini tulitembea kimya kuliko zamani. Na safu ile ya mwisho, mwezi kwa mwezi, ikawa inabaki tupu. Sijawahi kupenda kuona nafasi tupu kama nilivyoipenda ile.

Hapo miaka mitatu ikawa imeisha.

Uhuru ulikuwa unakuja. Bendera haijabadilishwa, lakini madiwani walikuwa wamekwisha badilika, wengi ni watu wetu wenyewe. Dokta akaniambia baraza litakaa kuamua kama litatuchukua mimi na Rebeka, na kwamba nizungumze mimi, maana yeye wamemchoka. Nilisimama mbele ya meza ile ndefu na karatasi yangu. Nilisema mambo ya safu na siku. Walinisikiliza kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayesoma shairi la skuli.

Nyuma mlangoni sauti ikasema, "Waheshimiwa, mtaniruhusu?"

Alikuwa Bi Mwanakombo, na hakuna aliyemwalika. Alikuwa amerudi na feri ya asubuhi kutoka kwa dada yake Mtwapa, akapitia hapo kabla ya kufika kwake. Akaja mpaka mbele.

"Nimezalisha nusu yenu mliokaa hapo," akasema. "Wewe Salimu ulitanguliza miguu, mama yako nusura tumkose." Wakacheka, Salimu akainamisha kichwa. Aliwaacha wamalize. "Mimi nilikuwa nikiua watoto. Miaka mingi, na mikono hii hii, na nikilipwa kwa kuku na leso. Sikujua. Nilikuwa nasema ni nyuni. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiandika. Msichana huyu aliandika, ndipo nikajua. Mkimtoa, mwengine kama mimi atajua kwa nani?"

Mwenyekiti alitoa leso, akajifuta uso, na sidhani ilikuwa jasho. "Mama," akasema, "tumekusikia. Wallahi tumekusikia."

Lakini kulikuwa na visima vya Mtongwe vyenye maji ya chumvi, kulikuwa na skuli isiyo na paa, kulikuwa na watu wanataka mkunga wa kisomo na kitanda cha chuma. Fungu lilikuwa moja. Walitupa muda mpaka mwisho wa mwaka wao wa hesabu, na barua ya shukrani. Mkunga wa kisomo akaajiriwa, na alikuwa mzuri, Mungu amlipe. Sina kinyongo. Nimekaa miaka yote hii nikijiuliza ningekuwa diwani ningechagua nini, na sijapata jibu la kuniridhisha.

Madaftari tulimkabidhi karani, akayafungia kabatini. Rebeka akaolewa Taita. Dokta akahamia kwa watoto wake ng'ambo. Mimi nikabaki dispensari kama mwandishi wa mlangoni, nikaandika kikohozi, homa, kidonda, kikohozi, mpaka nikastaafu. Kazi safi, sina neno. Lakini pale dispensari unaandika waliokuja. Mimi nilizoea kuwafuata wasiokuja. Nilikuwa nikikaa kwenye kile kiti nikisikia mahali mtu anabisha hodi, na miguu yangu inataka kuinuka. Mpaka leo nikipita nyumba iliyoanikwa leso ndogo ndogo, nahesabu siku. Nataka kuingia, nikae chini, niulize wa kwanza aitwa nani. Natamani kutembea tena ile njia ya mchanga nyuma ya mtu mrefu anayeenda haraka, akinigombeza juu ya viatu.

Alifariki mwaka wa pili baada ya uhuru. Nilikuwa katika waliomuosha. Nilipewa upande wa kulia, nikauosha mkono ule kidole kwa kidole, na kila kidole nilikijua.

Sasa lile nililolimeza mbele ya yule binti.

Ilikuwa miezi michache baada ya kazi kuisha. Natoka sokoni, njia ya Shika Adabu, kapu lina mchicha na nazi mbili. Mwanamke akaniita kutoka mlango wa nyumba ya makuti, mgeni, simjui. Alikuwa mtu wa Mariakani, mumewe amepata kazi bandarini, jina lake Kadzo. Alikuwa na mtoto kifuani.

"Wewe si yule wa daftari?" akasema. "Majirani waliniambia utakuja. Nimekungoja sana."

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa nimwambie. Lakini alikuwa amekwisha niwekea kigoda, kisha akakumbuka, akaondoa kigoda akatandika mkeka, kwa maana alikuwa ameambiwa kuwa mimi hukaa chini. Nikakaa.

Nikamuuliza yote, kwa taratibu zake. Akajibu upesi, kama aliyekuwa akiyarudia peke yake. Wembe ulichemshwa, aliuona kwa macho yake. Hakikupakwa kitu. Kilidondoka siku ya sita. Mtoto ananyonya vizuri, anamng'ata hasa. Nikamuuliza, kabla ya huyu hapakupita mtu? Nikanyamaza. Akamtazama mtoto, akaniambia.

Kisha akanitazama mikono. "Mbona huandiki?"

"Naweka moyoni kwanza. Nikifika nitaandika."

"Utaandika kweli?"

"Inshallah," nikasema.

Nikaenda nyumbani nikakuna nazi. Sikuwa na daftari la kumwandika, na karatasi ya kawaida niliona kama namdhihaki. Nikasema nitatafuta daftari wiki ijayo. Mnanijua sasa na wiki zangu zijazo.

Basi hapa ndipo ninapoandika, na nyinyi muwe mashahidi. Likoni, njia ya Shika Adabu. Mama, Kadzo. Mtoto, Riziki, wa kike, siku ya kumi na nne, yu hai. Kabla yake walipita wawili.